Maswali ya Wasomaji: Fimbo za Mlimani, Zinunuliwe au Ziachwe?

Mwezi huu nimechagua barua tatu zinazouliza habari za kitu kimoja, yaani zile fimbo nyepesi za kukunjika ambazo wapanda milima hushika mikononi, moja kila upande. Waandishi wake wako mbalimbali, mmoja Korogwe, mmoja Marekani na mmoja Machame, na kila mmoja huenda mlimani kwa shughuli yake. Kwa hiyo majibu yangu hayafanani, wala sikutaka yafanane.

*Mhariri, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Korogwe, nina umri wa miaka 53. Walimu wanne tumechanga fedha kila mwezi kwa miaka miwili ili Septemba tupande Kilimanjaro kwa njia ya Machame. Wakala wetu ametuletea orodha ya vifaa, na kila kitu nimekielewa isipokuwa fimbo mbili za kukunjika, ambazo katika duka moja nimetajiwa bei inayokaribia bei ya viatu vyangu. Mwenzangu mmoja anasema hayo ni mapambo ya watalii. Goti langu la kushoto huuma nikishuka ngazi, ingawa nikipanda halinisumbui. Je, ninunue, au fedha hizo niziongeze kwenye soksi na koti la mvua? — Mwalimu, Korogwe*

Marahaba, Mwalimu. Nusu ya jibu umeiandika mwenyewe uliposema kwamba goti huuma unaposhuka wala si unapopanda, kwa sababu kazi kubwa ya fimbo za mlimani iko katika kushuka. Watu wengi huzinunua wakiwaza kilele, wakidhani zitawasukuma juu, na wakisha kupiga picha kileleni huona safari imekwisha. Kumbe hapo ndipo zinapoanza kuhitajika kweli. Niliongoza wageni na wenyeji katika mlima huo kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kushika kalamu, na simkumbuki hata mmoja aliyelia kwa ajili ya magoti alipokuwa akipanda. Waliolia, walilia katika njia ya Mweka, ambayo ndiyo mtakayoshukia.

Chukua hesabu ya safari yenu. Kutoka kilele cha Uhuru, mita 5,895, mpaka lango la Mweka ambalo liko karibu mita 1,640 juu ya usawa wa bahari, mtashuka zaidi ya mita 4,200. Kupanda mtakuwa mmekupa siku tano au sita, lakini kushuka kote huko hufanyika kwa siku moja na nusu, tena baada ya usiku ambao hamkulala. Mwanzo ni changarawe inayokimbia chini ya kisigino mpaka karibu na kambi ya Barafu, kisha mawe yaliyolegea, kisha, mkiisha kuingia msituni, ngazi za magogo na mawe ambazo hazikupimwa kwa hatua ya binadamu yeyote, zenye matope na mizizi katikati. Katika kila hatua ya namna hiyo misuli ya mbele ya paja hujikaza huku inavutwa, ili kuuzuia mwili usiporomoke, na kile kifupa cha mbele ya goti, kiitwacho pia, hukandamizwa kwenye mfupa wa paja. Ngazi za shuleni kwenu huenda ni ishirini. Hatua za kushukia Mweka ni maelfu.

Jambo hili limepimwa, si maneno ya wauzaji. Mwaka 1999 Hermann Schwameder na wenzake wa Austria walichapisha utafiti wa nguvu zinazopita kwenye goti la mtu anayeshuka mteremko wa nyuzi 25, akiwa na fimbo na akiwa hana, wakaona kwamba fimbo zilipunguza mzigo huo kwa kati ya asilimia 12 na 25. Waliopimwa walikuwa wanaume wanane tu, na mteremko wenyewe ulijengwa maabara, kwa hiyo nisingependa uubebe utafiti huo kama ahadi. Hata hivyo mwaka 2011 yalichapishwa matokeo mengine kutoka mlima Snowdon, huko Wales, ambako watu 37 walipanda na kushuka, baadhi kwa fimbo na baadhi mikono mitupu. Waliotumia fimbo walipata maumivu machache ya misuli katika siku zilizofuata, na nguvu za miguu yao zilirudi mapema zaidi. Snowdon ni mlima wa mita 1,085. Ukikumbuka kwamba ninyi mtashuka takriban mara nne ya urefu huo, utaona kwa nini nalichukulia swali lako kwa uzito.

Fimbo haziondoi kazi, bali huigawa. Uzito unaopungua gotini huhamia kwenye mikono, mabega na mgongo, na katika njia tambarare moyo wa mwenye fimbo huongeza kasi kidogo, ukapiga haraka kuliko wa asiye nazo, kwa sababu misuli mingi zaidi inafanya kazi. Pale ambapo hewa ni nyepesi na kila pumzi ina thamani, sioni sababu ya mtu kupiga fimbo chini kwenye uwanda wa Shira kana kwamba anapiga makasia. Hapo zikunjwe, zifungwe ubavuni mwa begi. Vivyo hivyo kwenye ukuta wa Barranco, ambao ni kama mita 250 za mwamba wa kukwea kwa mikono: fimbo inayoning'inia kwenye kifundo cha mkono wakati mtu anatafuta mahali pa kushika ni hatari kwake na kwa jicho la anayemfuata. Nimewaona wageni wakikataa kuzikunja pale kwa sababu wamezizoea, nami sikuwaruhusu kuendelea mpaka wazikunje.

Sasa kuhusu fedha. Jibu langu kwako, Mwalimu, ni kwamba uzitumie, lakini usizinunue. Moshi na Arusha kuna maduka na mawakala wengi wanaokodisha fimbo kwa safari nzima, na kwa mtu anayepanda mara moja hiyo ndiyo njia ya busara. Tofauti ya bei itumie kwenye soksi za sufu na koti la mvua lisilopitisha maji, vitu ambavyo lazima viwe vyako kwa sababu hukaa mwilini. Anayetaka kununua kwa bei nafuu anaweza pia kutafuta katika mitumba ya Soko la Memorial pale Moshi, ilimradi ajue anachokikagua.

Namna ya kukagua nitakueleza kwa sababu niliwahi kuipuuza. Katika mwaka wangu wa pili wa kuongoza, mama mmoja wa makamo niliyekuwa naye alikodishiwa fimbo zinazofungwa kwa kuzungusha, nami nilizitazama tu, nikaona rangi yake bado inang'aa, nikaridhika. Chini ya Barafu, juu ya jiwe lenye unyevu, fimbo ya kulia iliingia ndani ya ganda lake alipoiegemea, naye akaangukia bega. Bega lilipona, lakini tulitembea saa nyingi za maumivu ambayo mimi ningeyazuia kwa dakika mbili za kazi. Kwa hiyo, mkipokea fimbo, zifungueni kila moja mpaka urefu wenu, zifungeni, kisha egemeeni kwa uzito wote wa mwili, tena dukani, mbele ya mwenye duka. Ikisogea hata sentimita moja, irudisheni. Fimbo za kuzungusha huharibika zaidi kwa sababu vumbi na maji huingia kwenye kizibo cha ndani. Zile zenye komeo la nje la kubana kwa kidole huonekana zikilegea, na skrubu yake ndogo hukazwa hata kwa sarafu. Mimi sikuwahi tena kukubali za kuzungusha kwa mtu niliyemwongoza.

Tazameni pia ncha, ambayo huwa ya chuma kigumu cha tungsteni. Ikiwa imeliwa mpaka plastiki, haitashika mwamba. Kile kisahani kidogo kilicho juu ya ncha kiwepo, maana ndicho kinachozuia fimbo kuzama kwenye matope.

Urefu hupatikana hivi: simama wima na viatu vyako vya mlimani, shika kishikio, ncha iwe kando ya mguu, na kiwiko kifanye pembe mraba. Mtu wa sentimita 165 kwa kawaida huishia karibu na sentimita 110. Mkianza kupanda mteremko mkali zipunguzeni sentimita tano mpaka kumi, na mkianza kushuka ziongezeni kiasi hicho hicho, ili ncha itangulie chini bila ninyi kuinama. Mkono uingizwe kwenye mkanda kutoka chini kwenda juu, kisha ndipo ushike mkanda pamoja na kishikio. Ukifanya hivyo uzito unakaa kwenye mkanda, na vidole vinapumzika. Wengi huutumbukiza mkono kutoka juu kama wanavaa bangili, kisha wanashangaa kwa nini vidole vinakufa ganzi katika baridi ya usiku wa kilele. Kwenye ngazi ndefu tangulizeni fimbo zote mbili kwenye kidato cha chini, zikisha kushika ndipo mguu ushuke. Goti lako la kushoto litahisi tofauti siku hiyo hiyo.

Ombi langu ni kwamba usiyajaribu haya kwa mara ya kwanza mlimani. Milima ya Usambara iko mlangoni pako. Azima fimbo kwa mtu, hata kwa Jumamosi mbili, upande na kushuka vijia vya Lushoto mpaka mikono ijifunze mwendo wake bila kufikiri. Na kabla ya hapo daktari alitazame goti hilo, kwa kuwa fimbo hupunguza mzigo lakini hazitibu gegedu iliyochakaa. Ukirudi salama ukaona kwamba unataka kuendelea kutembea milimani kila likizo, hapo nitabadili neno langu na kukuambia ununue: jozi ya aluminiamu yenye makomeo ya nje, vishikio vya sponji ngumu au vya lile gome jepesi linalofanyiwa vizibo vya chupa, na uzito wa gramu 500 hivi kwa jozi. Springi zinazowekwa ndani ya fimbo ili zipunguze mshtuko usizilipie, kwa maana ni uzito mwingine na ni kitu kingine cha kuharibika.

*Ndugu Mhariri, ninaandika kutoka Missoula, jimbo la Montana, Marekani, nilikofika na familia yangu nikitokea Uvira. Wenzangu wa kazini wamenialika Novemba twende milimani kwa siku tano kuwinda elki. Mafunzo ya usalama wa uwindaji nimekwisha kuyamaliza, na leseni ninayo. Ninachoshangaa ni kwamba wote, hata vijana, hutembea na fimbo mbili za milimani, nao wananihimiza ninunue. Kwetu fimbo ni ya mzee au ya mchungaji. Je, mtu mwenye fimbo mbili atashikaje bunduki? Na hizo ncha za chuma hazitamfukuza mnyama? — Msomaji, Missoula*

Ndugu yangu, maswali yako mawili ndiyo yaliyonifanya niiweke barua yako hapa, kwa kuwa mwindaji ana mahitaji ambayo mpanda mlima wa kawaida hana, na ushauri wa dukani huyasahau. (Wasomaji wa Kenya, ambako uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, watakuta bado kuna la kuwafaa hapa kuhusu mizigo na mito.)

Wenzako wanakuhimiza kwa sababu moja, nayo haihusu kwenda bali kurudi. Elki ni mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, ambaye dume lake hufika kilo 300 na zaidi. Gari halifiki alipoangukia. Nyama hukatwa papo hapo na kubebwa mgongoni kwa safari kadhaa, na mguu mmoja wa nyuma ukiwa na mfupa wake huweza kuzidi kilo 25, mbali na hema, maji na bunduki yenyewe. Mwenye mzigo wa namna hiyo, anayeshuka mteremko uliofunikwa na theluji ya Novemba huku akivuka magogo ya misonobari yaliyolala ovyo, hana tena mizani ya mwili wake aliyoizoea, kwa maana uzito umehamia juu na nyuma. Akiteleza, mzigo humwangusha kwa nguvu yake wenyewe. Miguu minne ni bora kuliko miwili hapo, wala sina shaka na hilo. Kwa hiyo, tofauti na nilivyomshauri Mwalimu, wewe unayeishi huko na utakayeitwa tena mwaka ujao, nunua.

Nunua za aluminiamu. Fimbo za nyuzi za kaboni ni nyepesi kwa gramu mia moja au mia mbili kwa jozi, na anayekimbia milimani atazifurahia, lakini kaboni ikibanwa kati ya magogo mawili na mzigo ukaisukuma kwa ubavu, huvunjika ghafla. Aluminiamu hupinda kwanza, na mara nyingi unaweza kuinyoosha juu ya goti ukaendelea kutembea. Chukua pia visahani vipana vya theluji, ambavyo huuzwa kando.

Kuhusu bunduki, hofu yako ni ya haki. Mtu mwenye fimbo mikononi hana bunduki mikononi, na lazima akubali hivyo: bunduki iko begani au imefungwa kwenye begi, na chemba yake haina risasi. Ndiyo maana fimbo ni kifaa cha kufikia eneo la kuwindia na kutokea humo, wala si cha kunyatia. Mkifika mahali ambapo alama za kwato ni mbichi na upepo unawajia usoni, zikunje, zifunge kwenye begi mahali ambapo hazigongani, ndipo ushike bunduki. Anayetaka kunyatia na kitu mkononi abaki na fimbo moja tu, katika mkono usiofyatulia.

Kelele ni kweli zipo. Ncha ya chuma juu ya jiwe husikika mbali katika asubuhi ya baridi, na ni sauti ambayo hakuna kitu cha porini kinachoitoa. Valisha ncha vile vifuniko vya mpira, ambavyo hugharimu kidogo sana, ukivitoa tu mahali penye barafu ambapo chuma kinahitajika. Sehemu ya katikati ya fimbo ivingirishe kitambaa cha kunata ili isilie inapogusa kitako cha bunduki au bizimu ya mkanda. Komeo likaze vizuri, maana fimbo iliyolegea hucheza ndani ya ganda lake kila hatua.

Faida nyingine ambayo huenda hawajakutajia ni kulengea. Misimu miwili niliyofanya kazi katika kitalu cha uwindaji kusini mwa Tanzania, mfuatiliaji nyayo aliyetangulia alibeba daima fimbo tatu zilizofungwa pamoja karibu na vichwa vyake. Alizitanua mbele ya mwindaji kwa mkono mmoja bila sauti, na bunduki ikapata mahali pa kutulia. Fimbo zako mbili zinaweza kufanya kazi iliyo karibu na hiyo. Kaa chini, zipunguze, zipishanishe mfano wa herufi X, ufunge mikanda ya vishikio pamoja pale zinapokutana, kisha ulaze mbao ya mbele ya bunduki katika panda hiyo. Ulaze mbao, usilaze mtutu, kwa kuwa mtutu ukiegemea kitu kigumu risasi huenda mahali pengine na ulikopimia. Jizoeze kwenye uwanja wa shabaha kabla ya Novemba, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa vibaya kwa ajili ya mwindaji asiyejiandaa ni jambo linalonisikitisha kuliko safari iliyorudi bila nyama.

Vijito vya huko hutoka kwenye theluji, vina nguvu na baridi kali. Mnapovuka, fungua mkanda wa kiunoni wa begi ili ukianguka uweze kulivua, elekea kidogo upande maji yanakotoka, tanguliza fimbo zikupimie kina, na usiinue mguu mpaka fimbo zote mbili zimeshika chini. Na katika vichaka vinene, pamoja na mahali penye dalili za dubu, toa mikono kwenye mikanda kabisa. Dawa ya kupulizia dubu huwa kifuani au kiunoni, na mkono ulionaswa kwenye mkanda wa fimbo huchelewa. Hata bila dubu, mtu anayeanguka mkono ukiwa ndani ya mkanda huumiza kidole gumba vibaya, nacho ndicho cha kukazia kamba za mzigo.

Kuhusu uzee: fimbo ya mchungaji wa kwetu na hizi za wenzako ni kitu kimoja. Mchungaji hupima nayo matope, huvukia mto, huegemea anapotazama mbali, na hakuna amwonaye kuwa dhaifu. Usione haya kuwa nazo.

*Mhariri, mimi ni mgumu, yaani mpagazi wa mizigo ya wageni, katika njia ya Machame. Mgeni mmoja aliponiaga aliniachia fimbo moja, nyingine ilivunjika. Wenzangu wananicheka nikipanda nayo, wanasema mtoto wa mlimani anatosha kwa miguu yake, na kama ni lazima basi nichonge ya mti. Je, fimbo moja ina faida yoyote kwa mtu aliyebeba kichwani? — Msomaji, Machame*

Kaka, kati ya wote walioniandikia, anayestahili fimbo kuliko wengine ni wewe. Mgeni hupanda mlima ule mara moja katika maisha yake akiwa na begi la kilo tano, nawe hupanda mara nyingi kila mwaka ukiwa na mzigo ambao kikomo chake halali ni kilo 20, kwa mwendo wa haraka kuliko wake ili hema liwe limesimama kabla hajafika. Magoti yanayozungumziwa katika utafiti nilioutaja hapo juu hayajabeba hata nusu ya hayo.

Fimbo moja ina faida. Mkono mmoja ukiushikilia mzigo kichwani, mwingine uko huru, na ndio wa kushikia fimbo. Uibadilishe upande kila baada ya nusu saa au unapobadili mkono wa mzigo, ili mgongo usijizoeshe kupinda upande mmoja. Ukiwa na goti linalouma, ishike kwa mkono wa upande wa pili wa goti hilo, yaani goti la kulia, mkono wa kushoto, kwa kuwa ndivyo uzito unavyoondoka juu ya mguu mgonjwa unapokanyaga. Watu wengi hufanya kinyume, nami nilifanya kinyume miaka mingi. Irefushe kidogo kuliko ya mgeni, maana wewe huwezi kuinama.

Fimbo ya mti inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hiyo, na wazee wa Uchaggani wameshuka nazo migombani tangu zamani bila kumuuliza mtu. Kasoro zake ni mbili tu za maana: haipungui wala haiongezeki kati ya kupanda na kushuka, na ncha yake huteleza kwenye mwamba wenye maji, ingawa kipande cha mpira wa tairi kilichopigiliwa chini husaidia sana. Kaichonge nyumbani, kutoka mti wa shambani. Ndani ya hifadhi usikate hata tawi, kwa sababu ni kosa la kisheria, na kibali chako cha kazi kina thamani kuliko fimbo.

Hiyo ya mgeni itunze. Kila mkishuka ifungue vipande vyote, ifute kwa kitambaa kikavu, uiache wazi usiku kucha ndani ya nyumba; usiitie mafuta, kwa maana mafuta hufanya makomeo yateleze. Vipuri vya ncha na visahani hupatikana kwenye fimbo zilizovunjika ambazo wageni huacha kwa mawakala, kwa hiyo waulize wanaokuajiri kabla hawajazitupa, na ukikuta moja nzima yenye unene sawa na yako, umepata jozi.